Maziwa ya Gaju

Mwaka 1999 Theodosia alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kupika katika nyumba ya Waitalia wawili waliohudumia hospitali na visima vya kambi ya wakimbizi ya Lukole, wilayani Ngara. Ya pili ilikuwa kumtunza ng'ombe asiye wake.

Ng'ombe huyo aliitwa Gaju, kwa rangi yake ya kahawia. Mwenyewe alikuwa Ildefonce, mzee wa Kirundi aliyevuka mpaka mwaka 1993 akiwa na ng'ombe kumi na mmoja. Wawili walikufa njiani na wanane waliuzwa mmoja baada ya mwingine. Kambini hapakuruhusiwa kufuga, kwa hiyo Gaju alipelekwa kijijini Ntobeye kwa Theodosia, kwa sababu zamani, kabla ya vita, ukoo wa mzee ulimgawia baba yake Theodosia ng'ombe, na mambo ya namna hiyo hayasahauliki upesi. Mume wa Theodosia alikuwa Geita kwenye machimbo. Zizi lilikuwa juu yake peke yake.

Masharti yalikuwa machache. Maziwa ya jioni yalikuwa ya Theodosia, ya asubuhi ya mzee. Kila Jumamosi Gaju na ndama wake jike wanyunyiziwe dawa ya kupe. Na maziwa yasikutane na nyama, wala chunguni wala tumboni siku ile ile. Yakikutana, ng'ombe aliyeyatoa huvimba chuchu, hukauka au hufa. Theodosia hakuhitaji kuelezwa sharti hilo la mwisho. Wahangaza, watu wake wa Ngara, nao walikuwa nalo. Watu wa rika lake walilishika kama mwanamume anavyovua kofia kanisani, bila kuuliza sababu na bila kuogopa sana.

Kila asubuhi alikwenda kazini na maziwa ya mzee ndani ya icansi, chombo cha mti chenye kifuniko cha ukindu, akakiweka kwenye rafu ya jikoni. Saa sita mzee alifika uani, akamimina maziwa kwenye kidumu chake, akauliza habari za Gaju kabla hajauliza za watu, akarudi kambini.

Jikoni penyewe palikuwa na sheria nyingi kuliko zizini.

Daktari, mwanamke wa miaka hamsini hivi, alitoka Bolonya. Mwenzake, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Maji kwa sababu ya visima vyake, alitoka Bari, kusini kabisa. Theodosia aliajiriwa akidhani atajifunza chakula cha Kiitalia. Baada ya miezi mitatu aligundua kuwa hakuna kitu kama hicho. Kulikuwa na chakula cha Bolonya na chakula cha Bari, na kila mmoja aliona cha mwenzake ni msiba.

Kwa Daktari, tambi zilikandwa kwa mayai, yai moja kwa kila gramu mia za unga, zikasukumwa kwa mti mrefu mpaka karatasi ya unga ipitishe mwanga wa dirisha, kisha zikakatwa kwa upana uliopimwa kwa rula. Kwa Bwana Maji, yai katika tambi lilikuwa ubadhirifu. Yeye alitaka unga na maji tu, vipande vidogo vikibonyezwa kwa kidole gumba mpaka vifanane na masikio, na juu yake mboga za majani zilizochemshwa na kukaangwa kwa kitunguu saumu.

"Watu wa Bari wanakula kama mbuzi," Daktari alisema kwa Kiswahili chake, ili jiko zima lisikie. "Majani asubuhi, majani jioni."

"Na watu wa Bolonya wamenenepa mpaka kwenye ubongo," Bwana Maji alijibu.

Wiston, dereva wao, mtu wa Nyamahanga kule Biharamulo, alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai. "Mama Suzan," alimwita Theodosia kwa jina la binti yake, "hawa wanatoka nchi moja kweli?"

"Kama wewe wa Biharamulo na mimi wa Ngara."

"Basi hawatapatana."

Ijumaa moja ya Kwaresima Theodosia alipika tambi kwa sangara aliyeletwa kutoka ziwani. Wiston, aliyealikwa mezani siku hiyo, aliona jibini iliyokunwa kwenye bakuli, akajinyunyizia juu ya samaki. Waitalia wote wawili walipiga kelele kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana jambo.

"Nimefanya nini?" Wiston aliuliza, kijiko hewani.

"Jibini haiendi kwenye samaki," alisema Bwana Maji. "Kamwe."

"Ikienda?"

Daktari alifikiri. "Haitokei kitu. Lakini haiwekwi."

Theodosia alicheka pamoja nao. Baadaye, Theodosia akiosha vyombo, Daktari alimuuliza kama na wao wana vyakula visivyowekwa pamoja. Theodosia alimtaja nyama na maziwa, akaeleza yanayosemwa kumpata ng'ombe.

"Na wewe unaamini?"

Theodosia alikuwa amefika kidato cha pili. Alijua hasa jibu ambalo Daktari alilitarajia kutoka kwa mtu aliyefika kidato cha pili, akalitoa. "Hapana. Ni mambo ya wazee."

Maziwa katika nyama yalikuwa yamo nyumbani humo siku zote. Mchuzi wa Bolonya hupikwa kwa nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa kwa kisu, mafuta ya nguruwe, kitunguu, karoti, mvinyo, nyanya kidogo, na maziwa yanayoongezwa polepole kwa saa tatu ili kuondoa ukali wa nyanya. Theodosia aliupika mara nyingi bila wasiwasi, kwa sababu maziwa yalikuwa ya unga, ya mkebe. Hayakuwa na ng'ombe anayejulikana.

Kwa Pasaka Daktari aliwaalika watu kumi na wanne wa mashirika mengine. Aliamua kupika lasanya ya kwao: karatasi pana za unga zilizotiwa rangi ya kijani kwa mchicha, zikipangwa tabaka sita, na katikati ya kila tabaka mchuzi wa nyama na mchuzi mweupe wa siagi, unga na maziwa. Hakuna siku Bolonya, alisema, ambapo mama hupimwa na majirani kama siku hiyo.

Kazi ilikula wiki mbili. Jumamosi ya kabla ya Jumapili ya Matawi Theodosia alishinda akijaribu karatasi za mchicha, ambazo zilipasuka mara mbili kwa kuwa na maji mengi. Alirudi nyumbani jioni, bomba la kunyunyizia likiwa kwa jirani yake Bonifasia, kwa kuwa kaya tano zilishirikiana bomba moja. Alisema atanyunyizia Jumatatu. Jumatatu alipika. Jumamosi Kuu Bonifasia mwenyewe alimletea bomba alfajiri, akamkuta anaondoka.

"Leo hunyunyizi? Mvua hizi, kupe wamejaa kama mchanga."

"Nikirudi."

"Haya, mama wa Kizungu," Bonifasia alisema. "Nenda ukawapikie."

Siku hiyo saa nne, nyama ikiwa jikoni tangu saa moja, Theodosia alifungua mkebe wa mwisho wa maziwa. Unyevu ulikuwa umeingia. Unga ulikuwa jiwe la rangi ya njano, na ulinuka. Lori lenye mikebe mipya lilikuwa limekwama kwenye tope upande wa Biharamulo.

Daktari aliangalia mkebe, akaangalia rafu.

"Haya si maziwa?"

"Ni ya Mzee Ildefonce."

"Nitampa mikebe miwili lori likifika. Mwambie hivyo."

Theodosia alikuwa na nafasi ya kusema. Alihesabu baadaye kuwa ilikuwa nafasi ya kutosha, kama dakika nzima, kwa sababu Daktari alikwenda kwenye karo kunawa mikono. Sentensi moja ingetosha: mzee amekataza. Lakini alikuwa amekwisha kusema kuwa ni mambo ya wazee, na hakutaka kuonekana mtu mwenye majibu mawili. Alifungua kifuniko cha ukindu, akamimina yeye mwenyewe, kiasi kwenye mchuzi wa nyama, kilichobaki kwenye sufuria ya mchuzi mweupe. Wiston alikuwa mlangoni.

"Mama Suzan," alisema kwa sauti ya chini, "leo umekuwa Mtaliani."

Saa sita mzee alipofika, Theodosia alimwambia kuwa ndama alifungua kamba usiku, akanyonya yote. Mzee alicheka. Ndama mwenye nguvu ni habari njema. Kisha akauliza kama Gaju amenyunyiziwa dawa, mvua ilivyokuwa nyingi.

"Ndiyo. Leo, na Jumamosi iliyopita."

Jioni alirudi amechoka sana. Dawa ilibaki kwenye chupa.

Siku ya kumi na mbili baada ya Jumamosi Kuu, Gaju aliacha kula. Siku ya kumi na tatu alisimama pembeni mwa zizi, kichwa chini, akitoa machozi. Siku ya kumi na tano, Jumapili, Theodosia alimpata Ndassa, bwana mifugo wa kata, Msukuma aliyekuwa na pikipiki isiyo na taa na kipimajoto kimoja. Kipimajoto kilionyesha nyuzi arobaini na moja na nusu. Tezi iliyo chini ya sikio ilikuwa imevimba kama yai la bata. Puani palitoka povu.

"Ndigana kali," alisema Ndassa. "Huletwa na kupe wa masikioni, yule wa kahawia. Akishikilia siku nne au tano, inatosha. Mara ya mwisho ulinyunyizia lini?"

Theodosia alimwambia ukweli, kwa sababu Ndassa hakuwa mtu wa kumdanganya kuhusu ng'ombe. "Tangu Pasaka sijaruka. Kabla ya hapo, mara ya mwisho ni wiki moja kabla ya Matawi."

"Umeruka mbili."

"Mbili."

Ndassa alimdunga Gaju sindano, akasema wazi kuwa mapafu yamekwisha kuingia maji na hatarajii sana. Gaju alikufa Jumatatu kabla ya jua kupanda. Ndassa alimpasua, akaonyesha povu jeupe ndani ya koo la hewa, tele, hadi kwenye matawi ya mapafu. Alimshika ndama, akapapasa chini ya sikio lake. Kidole chake kilisimama hapo.

"Na huyu ameanza. Homa bado ni changa. Nina chupa moja ya dawa pale ofisini, nitaileta mchana. Akidungwa leo, ana nafasi nzuri. Kesho, sijui."

Ildefonce alifika kabla ya Ndassa kurudi. Alikuwa amepelekewa habari za kifo, akatembea kutoka Lukole bila kupumzika. Alimwangalia Gaju kwa muda, akamfunika kichwa kwa majani ya mgomba, kisha akakaa kwenye kigoda ambacho Theodosia alimwekea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia jambo kambini. Dereva wenu amelisimulia kwenye kilabu, watu wakacheka. Maziwa ya Gaju yalitiwa kwenye nyama ya Wazungu. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ndama hakunyonya."

"Hakunyonya, baba. Nilikudanganya."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa hesabu aliyokwisha kuifanya. "Nilikuwa najiuliza njia nzima. Kupe siwezi kusema, maana ulimnyunyizia kila Jumamosi, uliniambia mwenyewe. Nyoka siyo, hakuna alama. Imebaki hiyo." Hakuwa amepandisha sauti. "Nani alimimina? Yule mama?"

Wiston alikuwa amefika na gari dogo, ametumwa na Daktari kuuliza kwa nini Theodosia hajaja kazini. Alisimama nyuma ya mzee, akamtazama Theodosia, akatikisa kidevu mara moja, wazi kabisa: sema ndiyo.

"Aliomba yeye," Theodosia alisema. "Nilimimina mimi."

"Umeombwa na mwajiri wako. Mgeni hajui, na wewe uliona haya kumkatalia." Mzee aliweka fimbo magotini. "Hilo lina dawa yake. Kambini kuna mwanamke wa Kirundo, kule kwetu Burundi, anayejua majani ya kuliosha. Ndama nitaondoka naye sasa hivi, akaoshwe leo na kesho. Keshokutwa nitakurudishia umlee. Wewe ni mtoto wa nyumba yetu. Kosa la maziwa haliwezi kuvunja jambo hilo."

Theodosia alisikia kila neno. Alikuwa ameogopa maneno mengine kabisa. Ndama angerudi, jina la nyumba lingebaki, na hakuna mtu ambaye angeuliza tena. Alichotakiwa kufanya kilikuwa kukaa kimya.

Pikipiki ya Ndassa ilisikika kabla haijaonekana. Alishuka, akamwamkia mzee kwa heshima, akatoa chupa ndogo kwenye mkoba wa ngozi.

"Hiyo ya nini, mwanangu?" mzee aliuliza.

"Ya ndama, mzee. Ana ndigana kama mama yake."

"Mama yake hakuwa na ndigana. Alinyunyiziwa kila wiki. Ugonjwa wake tunaujua, na sindano haihusiki. Mnyama anayekwenda kuoshwa hachomwi sindano, hilo linaharibu kazi. Mwache."

"Mzee, maziwa hayaui ng'ombe. Nimempasua mwenyewe. Mapafu—"

"Wewe umesoma, na mimi nimefuga miaka sitini. Ng'ombe aliyenyunyiziwa dawa kila wiki atapata wapi kupe wa kumuua? Nijibu hilo tu."

Ndassa alikuwa na jibu, lakini halikuwa lake kulitoa. Alimgeukia Theodosia.

Mzee alikuwa sahihi katika kila hatua ya hoja yake. Kosa lilikuwa katika jambo moja tu aliloambiwa, na aliyemwambia alikuwa amesimama mbele yake. Ndama alikohoa, kikohozi kifupi na kikavu.

"Hakunyunyiziwa," Theodosia alisema.

"Nani?"

"Gaju. Na ndama. Jumamosi mbili, baba. Ile ya kabla ya Matawi na Jumamosi Kuu. Bomba lilikuja mpaka mlangoni, nikaenda kupika. Ulipouliza, nilisema ndiyo. Ni kupe. Ndassa anasema kweli, anajua kwa sababu nilimwambia. Akidungwa sasa atapona, akienda kambini atakufa."

Wiston alitazama kando, kwenye migomba.

"Mbili," mzee alisema.

"Mbili."

"Nilikuuliza, ukanitazama machoni, ukasema leo na Jumamosi iliyopita."

"Ndiyo."

Alimgeukia Ndassa. "Mdunge."

Ndassa alipima dawa kwenye mwanga, akamshika ndama shingoni, akaingiza sindano kwenye msuli. Kazi nzima haikufika dakika mbili. Alieleza kuwa baada ya siku mbili atarudi kumpima joto, na kwamba ndama apate maji safi, kivuli, na maziwa ya ng'ombe mwingine akipatikana. Mzee alisikiliza yote, akauliza kiasi cha maziwa, akauliza kama kivuli cha migomba kinatosha. Kisha akasimama.

"Maziwa ningekusamehe," alimwambia Theodosia. "Nilikuwa nimekwisha kukusamehe. Maziwa ni jambo lililo juu yetu, linampata mtu. Lakini kupe! Kupe ni mkono tu. Ni kuamka na kushika bomba. Nilikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, mwanangu. Waliisha kwa vita na kwa njaa, kwa mambo ambayo sikuyaweza. Huyu amekufa kwa sababu ya chakula cha sikukuu."

Hakukuwa na sehemu ya maneno hayo iliyokuwa ya uongo.

"Nani hapa hunyunyizia bila kusahausahau?" mzee aliuliza.

Theodosia alijua kwamba mzee angeweza kumuuliza Ndassa, au mtu yeyote njiani. Alimuuliza yeye.

"Bonifasia," alisema. "Ile nyumba ya bati, chini kuelekea mtoni. Ana ng'ombe anayenyonyesha. Hajaruka wiki hata moja tangu nimjue."

"Nipeleke."

Alimfungua ndama kwenye mti, akatangulia kwenye njia nyembamba, mzee akifuata na fimbo, Ndassa nyuma yao akisukuma pikipiki kwa sababu ya tope. Bonifasia alikuwa anapalilia maharage. Alinyoosha mgongo, akawaona, akaona kamba mkononi mwa Theodosia, na safari hii hakutania.

Mzee alieleza masharti. Maziwa ya jioni, maziwa ya asubuhi, hapo ndama atakapokuwa ng'ombe. Kupe kila Jumamosi. Alipofika kwenye sharti la nyama alisita, akalisema lote kama alivyolisema mara ya kwanza, bila kupunguza neno. Bonifasia alikubali. Theodosia alimkabidhi kamba.

"Siku ya pili ya dawa nije kuona joto lake?" aliuliza.

Mzee alikuwa ameinama, akipapasa chini ya sikio la ndama pale Ndassa alipoonyesha. "Muulize mwenye zizi," alisema.

Theodosia alimtazama Bonifasia. Bonifasia alimtazama mzee, kisha akatikisa kichwa, hapana, si kwa ukali, akamwingiza ndama kivulini.